Tangazo Limfikie Hadi Mwenye Mulika Mwizi: Mwongozo kwa Makarani wa Makanisa ya Nairobi

Saa nne kasorobo usiku simu yangu iliita. Alikuwa mlinzi wa kanisa. "Karani, kuna akina mama watatu hapa langoni, wanasema wamekuja kesha. Mimi niliambiwa hakuna kesha." Na kweli halikuwepo. Stima zilikuwa zimepotea mtaa mzima tangu mchana, mchungaji akaahirisha, nami nikatangaza WhatsApp saa kumi jioni. Nikapata vidole gumba thelathini na kitu, nikatulia nikijua kazi imekwisha. Wale mama watatu wote wana simu za mulika mwizi, zile ndogo za vitufe zisizo na WhatsApp. Mmoja alikuwa ametoka Kayole kwa matatu mbili, na kurudi usiku ule ilibidi apande boda boda kwa nauli ambayo hakuwa ameipangia.

Mwongozo huu nauandikia karani au katibu anayeingia ofisini leo, liwe kanisa la mabati lenye watu themanini au parokia yenye misa tano. Mimi nahudumu katika kanisa moja la Eastlands, na mengi ya hapa chini nimeyajua kwa kukosea.

Hatua ya 1: Hesabu watu wako kabla hujanunua meseji

Ukiambiwa kanisa lina washirika mia tano, uliza namba za simu ziko wapi. Utapewa daftari la ubatizo, orodha ya kwaya, orodha ya harambee ya mwaka juzi, na simu ya mchungaji. Orodha nne, na hakuna inayokubaliana na mwenzake. Zikusanye ziwe moja. Sisi tulitumia Jumapili tatu mfululizo: meza mbili mlangoni, vijana wanne wenye kalamu, fomu ya nusu karatasi. Fomu ya mtandaoni peke yake haitoshi, kwa sababu itakuletea vijana na wenye kazi za ofisini, iwaache wazee.

Kwenye fomu weka jina la kitambulisho na jina ambalo mtu huitwa. Hapa Nairobi mtu anaweza kuwa Mama Ciku kwa miaka ishirini bila yeyote kanisani kujua kitambulisho chake kinasemaje. Siku utakayotangaza kwamba amefiwa kwa kutumia jina rasmi, watu watainamisha vichwa, kisha waulizane pembeni: ni nani huyo?

Uliza pia anakoishi, na usikubali "Umoja" tu. Umoja One au Innercore, karibu na nini, ploti ya rangi gani. Uliza kama simu yake ina WhatsApp. Chukua namba ya mtu wake wa karibu. Halafu weka mstari wa ruhusa na mahali pa kutia sahihi. Wetu unasema hivi: "Nakubali ofisi ya kanisa itumie namba hii kunijulisha ibada, mikutano na misiba. Naweza kuomba itolewe wakati wowote."

Mstari huo usiuruke. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka imani ya mtu katika kundi la data nyeti, pamoja na afya yake, ndoa yake na majina ya watoto wake. Daftari la kanisa kwa hivyo ni zito kuliko orodha ya wateja wa duka, maana jina kuwamo tu kunaeleza mwenyewe anaabudu wapi. Mwambie mtu kwa nini unachukua namba yake, ni nani ataiona, na kwamba ana haki ya kutaka irekebishwe au ifutwe. Habari za mtoto zinahitaji idhini ya mzazi au mlezi. Picha nazo zimo. Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja ya hapa faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sasa fikiria zile picha za watoto wa shule ya Jumapili wakiigiza Krismasi, ambazo kila mwaka tunazimwaga Facebook. Na daftari likiibiwa au likivuja kwa namna inayoweza kuwadhuru wenye majina, sheria inataka Kamishna ajulishwe ndani ya saa 72.

Orodha ikishapatikana, isafishe kila baada ya miezi mitatu. Nairobi watu huhama kila mwisho wa mwezi. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na baadaye hupewa mtu mwingine, ambaye atapokea matangazo yako ya maombi bila kujua ametendewa nini. Mimi nilijifunza vibaya zaidi. Nilikuwa nimepanga salamu za siku ya kuzaliwa zijitume zenyewe, na moja ikaenda kwa mzee tuliyemzika miezi minne nyuma. Simu yake alikuwa nayo mjane. Alinipigia, hakunigombeza, aliuliza tu kama ofisi ilisahau. Tangu siku hiyo, jina la marehemu hutoka kwenye orodha ya meseji siku ile ile ya mazishi, na salamu za kujituma zenyewe niliziacha kabisa.

Hatua ya 2: Amueni nani anatoa kauli

Semina moja ya akina mama kwetu ilitangazwa ada ya shilingi 500 na mwenyekiti wao, 300 na kiongozi wa kwaya, na bure na kijana mmoja aliyeshika maiki akifurahi. Ilituchukua wiki kurekebisha, na bado kuna mtu anayedai tulimla shilingi mia mbili.

Sasa kila tangazo hupitia ofisini. La ibada huidhinishwa na mchungaji, la pesa na mweka hazina, la msiba na mzee wa wilaya (mzee wa kanisa anayesimamia washirika wa eneo moja) aliyeongea na familia. Mwisho wa kupokea matangazo ya Jumapili ni Ijumaa saa sita mchana, yakiwa yameandikwa, na jina la aliyeyaleta likiwa chini. Utachukiwa majuma mawili ya kwanza. Vumilia, watazoea.

Hatua ya 3: Andika ujumbe usiosomeka kwa njia mbili

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe, nao ni saa. Kamati ya ujenzi iliwahi kualikwa "Jumamosi saa 9". Watatu walifika asubuhi saa tatu, kwa kuwa wao husoma tarakimu kama inavyoonekana kwenye kioo cha simu. Waliobaki wakaja alasiri, wakakuta wale watatu wameshanuna na kuondoka. Andika saa kwa maneno na uitaje sehemu ya siku: saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri. Tarakimu tupu usiiache kamwe.

Mtego wa pili ni "Jumapili ijayo". Ukisema hivyo siku ya Jumanne, nusu ya watu watasikia ile inayokuja siku tano baadaye, nusu watasikia ile ya wiki inayofuata. Weka tarehe.

Mtego wa tatu ni unyenyekevu wetu. Tazama huu, ambao niliuandika mwenyewe:

"Bwana asifiwe wapendwa katika Kristo, tunawakumbusha kwa unyenyekevu kwamba kutakuwa na mkutano muhimu wa wazazi wote Jumapili ijayo baada ya ibada, tafadhali tusikose, Mungu awabariki sana mnapojitayarisha."

Herufi zaidi ya 200, na mzazi hajui ni mkutano wa nini, wapi, wala abebe nini. Baada ya kuadhibiwa na simu za maswali niliandika hivi:

"Bwana asifiwe. Wazazi wa watoto wa ubatizo: mkutano Jumapili tarehe 14, saa sita mchana, ukumbi mdogo. Njoo na nakala ya cheti cha kuzaliwa. Karani."

Salamu nimeiacha makusudi. Meseji isiyo na salamu watu wetu hudhani imetoka kwa wale wa mikopo ya simu.

Hesabu herufi, kwa sababu ni pesa. Meseji moja ina nafasi 160, mapengo yakihesabiwa. Ukizidisha, hukatwa vipande vya 153, na kila kipande unakilipia. Kiswahili kinatufaa hapa, maana hakina herufi zenye kofia wala mkia. Ila kina ng' na ile alama yake ya juu. Tulikuwa na mazishi Lang'ata. Nikaandika ujumbe kwenye simu, nikaunakili hadi kwenye ukurasa wa kutumia meseji, bila kutambua kwamba simu ilikuwa imeigeuza ile alama ikawa iliyojipinda. Alama iliyojipinda haimo katika herufi za kawaida za meseji, basi ujumbe mzima ukahamia mfumo wenye nafasi 70 tu, na ukizidi hukatwa vipande vya 67. Herufi zangu 150 zikawa vipande vitatu. Kwa namba 412 tulikatwa meseji 1,236, na mweka hazina akataka kujua tumemzika nani. Sasa huifuta alama hiyo na kuipiga upya pale pale kwenye kompyuta kabla ya kubonyeza tuma. Emoji ya mikono ya maombi hufanya madhara hayo hayo, kwa hiyo iache ibaki WhatsApp.

Jambo dogo la mwisho kuhusu meseji za jumla. Zikitoka kwa jina la kanisa badala ya namba, mpokeaji hawezi kuzijibu. Weka namba ya ofisi ndani ya ujumbe kila kunapokuwa na jambo ambalo mtu atataka kuuliza.

Hatua ya 4: Kila habari ipite njia mbili, moja isiyohitaji bando

Hii ndiyo kanuni iliyozaliwa langoni usiku ule. Njia tulizo nazo ni mimbari, ubao wa matangazo, meseji, WhatsApp, simu ya kupigwa, na miguu. Habari ya kawaida hupita mimbarini na WhatsApp. Mabadiliko ya ghafla hupita WhatsApp, na kwa wasio nayo hupita simu ya kupigwa.

Kupiga simu kwa watu wote mtu mmoja hawezi, ndiyo maana tuna wilaya. Yetu ni saba, kila moja na mzee wake, na kila mzee ana karatasi yenye majina ya wasio na WhatsApp katika eneo lake. Wilaya yenye wengi ina majina kumi na moja. Simu kumi na moja humaliza dakika ishirini. Mzee akishapiga, ananiandikia neno moja: "nimemaliza", au jina la aliyekosekana. Asiyepatikana kwa simu hubishiwa hodi na jirani.

Wakatoliki wana mtandao huu tayari, na nawaonea wivu wa haki. Maaskofu wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973 waliamua kujenga kanisa juu ya jumuiya ndogo ndogo, na hadi leo jumuiya ya majirani wanaosali nyumba kwa nyumba hupitisha habari bila senti ya bando. Msikitini nako kuna funzo. Kwa kuwa Waislamu hufanya hima kumzika maiti wao, mara nyingi siku ile ile, habari ya janaza lazima isambae kwa saa chache, na hutangazwa baada ya swala bila kusubiri Ijumaa. Sisi tunaokaa na msiba wiki nzima tumeuzoea uzembe.

Hatua ya 5: WhatsApp, chombo chema chenye miba

Tengeneza makundi ya aina mbili na usiyachanganye. Moja ni la matangazo, ambamo wasimamizi pekee ndio wanaoandika. Lingine ni la maongezi, ambamo watu watatakiana siku njema, watume mistari, wauze unga wa wimbi na wabishane kuhusu mpira wa Gor na Ingwe. Ukilifunga la maongezi, watu watahamia kundi usilolijua. Ukiliacha la matangazo wazi, tangazo la ibada litazikwa chini ya "Amina" mia mbili.

Orodha ya kutuma kwa wengi bila kundi ina mipaka miwili ambayo makarani wengi hawaijui: inabeba watu 256, na ujumbe humfikia tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Ndiyo maana Jumapili ya daftari tulimfanya kila mtu aihifadhi namba ya ofisi akiwa bado mezani. Kundi lenyewe linabeba watu 1,024.

Sasa mwiba. Katika kundi la kawaida kila mtu huiona namba ya kila mtu. Tulikuwa na mwanamume aliyeingia kundini kama mgeni, akanakili namba za wasichana wa kwaya, akaanza kuwaandikia usiku. Mmoja wao alikuja kuniambia baada ya miezi miwili, akiwa ameshaacha kuja mazoezini. Hakuna aliyekuwa amemuuliza kwa nini haonekani. Tulimtoa yule mtu, lakini namba hazikurudi. Kama kanisa lako ni kubwa, tumia chaneli au lile kundi la matangazo linalounganisha makundi mengine, ambamo wanachama wa kawaida hawaonyeshwi namba za wenzao. Na usimuingize mtu kundini kwa sababu tu namba yake iko kwenye daftari. Mtumie kiungo, aingie mwenyewe.

Siasa: ziandikeni kanuni mapema, wakati hakuna joto. Mwaka 2022 tulingoja mpaka Julai, na kufikia hapo kila aliyetolewa kundini alikuwa na sababu ya kudai ametolewa kwa kabila lake. Uchaguzi unaofuata ni Agosti 2027. Kanuni yetu ni fupi: picha ya mgombea hufutwa, awe nani, na anayeirudia anapumzishwa wiki mbili. Mchungaji mwenyewe aliisaini.

Na kinga akaunti ya kanisa. Washa uthibitisho wa hatua mbili. Tarakimu sita zinazokuja kwa meseji haziombwi na mtu mwema, hata akijiita dikoni.

Hatua ya 6: Mimbarini, dakika tano

Matangazo matano, dakika tano. Mengine yaende ubaoni. Anza na linalowahusu wote, malizia na msiba, kwa sababu baada ya msiba hakuna anayesikia habari ya viti vya plastiki. Msomaji awe mmoja, na ayapitie kabla ya ibada ili asigugumie majina ya watu mbele ya wenyewe. Lililobadilika lisomwe mara mbili.

Hatua ya 7: Misiba na wagonjwa

Hapa ndipo waumini hulipima kanisa, na hapa ndipo haraka huumiza.

Habari ya kifo haitoki ofisini kabla familia haijasema itoke. Jijini, baba anaweza kufia hospitalini saa nane mchana na mtoto wake wa kwanza yuko kazini Mlolongo, hajaambiwa. Ukiwahi kuandika "pumzika kwa amani mzee wetu", umemuua baba yake mara ya pili kwenye kioo cha simu. Mzee wa wilaya huenda au hupiga simu, huuliza maswali mawili tu: tutangaze? na nani wa kupigiwa? Mpaka apate majibu, mimi nafunga kinywa hata nikiulizwa na mwenyekiti.

Wakikubali, ujumbe wa kwanza uwe na haya: jina la aliyefiwa kama anavyoitwa, marehemu alikuwa nani wake, nyumba wanakokutana jioni na saa, na namba ya mratibu ambaye si mfiwa. Sababu ya kifo usiiweke. Deni la hospitali usiliweke, mpaka familia yenyewe iombe liwekwe. Kisha kila siku saa moja jioni toa ujumbe mmoja wa kinachoendelea: maombi ya leo yako wapi, mchango utafungwa lini, basi la kwenda nyumbani kuzika litatoka kanisani saa ngapi na lina nafasi ngapi. Ujumbe mmoja, saa ile ile. Watu wakijua saa moja jioni watapata habari, hawatampigia mjane mara arobaini kwa siku.

Wagonjwa ni vivyo hivyo, pengine zaidi. Dada mmoja alikuja ofisini Jumatatu asubuhi, akaketi, akakaa kimya kidogo. Jana yake mzee aliyeongoza maombi alikuwa amemtaja jina na ugonjwa wake, kwa nia njema kabisa, machozi yakimlengalenga. Mama mkwe wake alikuwa ameketi safu ya tatu. Hakuwa amemwambia. Tangu hapo mgonjwa hutajwa kwa jina akitaka mwenyewe, na ugonjwa hautajwi hata akitaka. Karatasi za maombi zinazotumbukizwa kwenye sanduku huchanwa baada ya kuombewa, wala hazipigwi picha.

Hatua ya 8: Pesa

Namba moja ya Paybill, ile ya kulipia kwa M-Pesa, iliyosajiliwa kwa jina la kanisa, imechapishwa ubaoni na haibadiliki. Kwenye nafasi ya akaunti mtu aandike neno moja: zaka, sadaka, ujenzi, au jina la msiba. Mfundishe kila mtu kusoma jina linalotokea kabla ya kukamilisha malipo. Likiwa si la kanisa, aache.

Walaghai wanatujua. Hufungua akaunti yenye picha ya mchungaji, huwaandikia akina mama wazee kwamba yuko hospitalini, simu yake imezimika, atumiwe elfu tano kwa namba hii. Sisi tumetangaza mara nyingi kiasi cha kuchosha: mchungaji haombi pesa kwa meseji, hata siku moja, na ukiona ombi kama hilo piga simu ofisini kwanza. Mama mmoja alipiga. Wawili hawakupiga.

Michango ya watu binafsi usiisome mimbarini pamoja na viwango. Najua harambee ina ladha yake, lakini aliyetoa mia mbili akisikia jirani ametoa elfu ishirini, mara nyingine hutoa sababu ya kutokuja.

Hatua ya 9: Siku mambo yanapoharibika

Machi 2020 milango ya ibada ilifungwa nchi nzima kwa ajili ya korona, na ilipofunguliwa tena Julai ilikuwa kwa watu 100 na saa moja tu. Ghafla karani alikuwa ndiye anayeamua nani aingie. Aprili na Mei 2024 mafuriko yaliwahamisha watu Mathare na Mukuru, na kanisa likahitaji kujua upesi nani amelala wapi. Juni mwaka huo huo, wakati wa maandamano, swali lilikuwa kama mazoezi ya kwaya ya jioni yapo na kama matatu zinapita Jogoo Road.

Kwa siku kama hizo, ujumbe uwe na vitu vitatu: kilichobadilika, mtu afanye nini, na lini atasikia tena kutoka kwako. Hicho cha tatu ndicho tunachosahau, na pengo lake huzibwa na uvumi. Mnyororo wa simu wa wilaya ujaribiwe mara mbili kwa mwaka bila kungoja maafa. Jaribio letu la kwanza lilifika kwa watu wote isipokuwa wilaya moja. Mzee wake alikuwa ameifulia karatasi kwenye mfuko wa suruali.

Hatua ya 10: Majibu, na kukabidhi

Ukituma, watu watajibu, na mtu lazima awepo. Sisi tumesema wazi: simu ya ofisi hupokewa Jumanne hadi Ijumaa, saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni. Nje ya hapo ni msiba na dharura tu, na namba yake ni nyingine. Bila mpaka huo utajibu swali la rangi ya sare za kwaya saa sita usiku. Kila simu iandikwe kwenye kitabu: nani, nini, nani atamrudia. Ijumaa nakipitia na kupiga mstari yaliyokwisha.

Kitabu hicho hicho kina ukurasa wa wasioonekana. Mtu akikosa Jumapili tatu, mzee wa wilaya humpigia. Asianze na "mbona huji". Amuulize hali. Wengine wamehamia Ruiru, wengine wamepata kazi ya zamu ya Jumapili Industrial Area, na mara moja moja ni mtu amekaa gizani peke yake. Yule msichana wa kwaya angepigiwa wiki ya tatu, si mwezi wa pili.

Mwisho ni laini yenyewe. Nilipoanza kazi, namba ya kanisa ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha karani aliyenitangulia, ambaye alikuwa ameondoka kwa hasira. Tulikaa majuma matano bila namba iliyochapishwa kwenye kila kadi ya mwaliko, mpaka wazee wawili walipomfuata kwake wakanywa chai. Sajili laini kwa jina la kanisa. Wasimamizi wa makundi wawe watatu, wasiwe wa ukoo mmoja. Orodha ya washirika iwe na nakala iliyofungwa kwa nywila, na anayehama ofisi aifute kwenye simu yake mbele ya mashahidi wawili. Simu yetu hulala kwenye droo ya pili ya meza ya ofisi. Ufunguo anao mlinzi, yule yule wa langoni, na PIN imo katika bahasha kwa mweka hazina. Jumamosi saa kumi na mbili jioni, kama kuna chochote kilichobadilika, simu hiyo hutolewa, na wa kwanza kupigiwa ni mama wa Kayole.